Cheti cha Kutoamini

Marswerd, Friesland
11 Februari

Kwa Wazee na Mashemasi,
Baraza la Kanisa, Marswerd.

Ndugu zangu katika Kristo, pamoja na wale miongoni mwenu ambao siku hizi mngependelea niseme ndugu tu,

YAH: KUFUTWA KWA IBADA YA MAFUNDISHO YA JUMAPILI ALASIRI

Barua yenu ya tarehe tatu nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikiwa na miwani na mara moja bila miwani, nikitumaini kwamba tatizo ni macho yangu, lakini kila mara imesema neno lilelile: kwamba baada ya Pasaka ibada ya mafundisho ya saa nane mchana itakoma, na mahali pake patakuwa na kile mnachokiita Alasiri ya Ukimya na Supu. Mmewaomba wakazi wote wa kijiji, waumini na wasio waumini, watoe maoni yao kabla ya mwisho wa mwezi. Nilidhani yangu yangeenea kwenye ile mistari mitatu mliyotuachia katika fomu. Hayakuenea. Naomba radhi kwa karatasi za ziada.

Wengi wenu mnanijua kama mume wa marehemu Wietske, au kama yule Mmaluku, mtu wa visiwa vya mashariki ya Indonesia, aliyeendesha gari la maktaba katika vijiji kumi na vinne kwa miaka ishirini na sita. Nililetwa nchini mwenu kwa meli mwaka 1951 nikiwa na umri wa miaka tisa, na baba yangu, aliyekuwa askari wa jeshi lenu la koloni, aliambiwa kwamba tungekaa miezi sita. Silitaji hili kwa kulalamika, kwani malalamiko hayo yana barua zake. Nalitaja ili mjue kwamba nina uzoefu mrefu wa mambo ya muda. Mlipoandika kwamba mabadiliko haya ni ya majaribio tu, nilielewa mara moja kwamba ni ya milele.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeandika kwamba ibada ya alasiri ina wahudhuriaji watano tu, na kwamba kati yao mmoja hasikii na mwingine haamini. Hesabu hiyo si sahihi. Huyo asiyesikia na huyo asiyeamini ni mtu mmoja, Bwana Hylke Sinnema, na mmemhesabu mara mbili. Ukimwondoa pacha wake tunabaki wanne: Sinnema, mpiga kinanda, Baukje mtunza kanisa ambaye lazima awepo kwa sababu ndiye mwenye funguo, na mimi. Natambua kwamba masahihisho haya yanaidhoofisha hoja yangu. Lakini ibada tunayoitetea ni ya mafundisho sahihi, na siwezi kuitetea kwa hesabu mbovu.

2. Kuhusu huyo Bwana Sinnema. Vijana wa Baraza huenda hawajui kwamba aliliacha kanisa hili mwaka 1974 kwa barua iliyosajiliwa posta. Hakuondoka kwa sababu mahubiri yalikuwa makali. Aliondoka kwa sababu yalianza kulegea. Mchungaji wa wakati ule alikuwa amezoea kusema "huenda" na "kwa namna fulani" akiwa mimbarani, na Sinnema, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za kutolea maji mashambani, alishikilia kwamba pampu ama inavuta maji au haivuti. Aliandika hivi: kama ninyi hamna uhakika, mimi nitakosa uhakika huo nyumbani kwangu, ambako viti ni laini. Alipostaafu alirudi, si kuamini, bali kukagua. Kwa miaka kumi na moja sasa huketi kando yangu kila Jumapili saa nane, na baada ya baraka tunarudi pamoja juu ya tuta la bahari hadi njia panda, dakika arobaini upepo ukiwa mgongoni, naye akinipinga hoja moja baada ya nyingine.

Kwamba hasikii, sikubali. Mtu asiyesikia hawezi kupinga kwa ufasaha kiasi kile. Nitatoa mfano. Mnajua kwamba katekisimu yetu imegawanywa katika Jumapili hamsini na mbili, na kwamba Baukje hutundika ubaoni namba ya Jumapili inayofundishwa. Mwezi Novemba alikosea namba. Ubao ulisema somo ni kanisa ni nini, ilhali Mchungaji Roelien alihubiri juu ya ulinzi wa Mungu kwetu sisi viumbe wake. Njia nzima nilimweleza Sinnema habari za ulinzi, na njia nzima alinijibu kwamba kwanza tujue hao "sisi" ni akina nani. Nililifikiria jibu hilo kwa siku nne. Sijawahi kukutana na mtu aliyelipiga shina la jambo kwa namna ile.

3. Peremende. Mababu zenu walikuwa na utaratibu uliokamilika: mahubiri ya hoja tatu, na peremende tatu za mnanaa, moja kwa kila hoja. Aliyesinzia aliweza kuamka na kujua kwa ulimi wake alipo katika mpango wa wokovu. Sasa mahubiri ya asubuhi yana hoja moja, ambayo mara nyingi ni kwamba tupendane, na kabla peremende haijayeyuka tumekwisha kupendana na kinanda kinapigwa. Mimi hubaki na mbili. Mfuko wa koti langu la Jumapili umejaa peremende za hoja zilizofutwa.

4. Hili naomba mlisome polepole. Katika ratiba yenu nimeona kwamba katikati ya kanisa litawekwa jiwe, washiriki wataketi wakilizunguka kimya, kisha kila mmoja atalishika na kuliachia mizigo ya moyo wake.

Mama wa nyanya yangu, kule kisiwani Saparua, alikuwa na jiwe. Alilirithi kwa mama yake. Alikuwa akiketi mbele yake na kuliachia mizigo ya moyo wake. Kisha akaja mhubiri kutoka huku kwenu, aliyekuwa amesafiri miezi mingi baharini huku akitetemeka kwa homa, akamweleza kwa upole kwamba jiwe halisikii. Naye akamwamini. Kwetu husimuliwa kwamba alilibeba mwenyewe hadi ufukweni, akakataa kusaidiwa, akalitupa majini, akarudi nyumbani akajifunza maswali na majibu ya Jumapili zote hamsini na mbili kwa lugha ambayo hakuielewa.

Sasa nauliza, bila hasira yoyote. Kama mawe yameruhusiwa tena, je, familia yetu haikupaswa kuarifiwa? Tungelitunza letu. Lilikuwa kubwa kuliko hilo lenu, ambalo Baukje ananiambia limenunuliwa kwenye duka la vifaa vya bustani.

Msidhani kwamba nina neno na Mchungaji Roelien. Wietske alipofariki, alikuja akaketi nami saa nzima bila kusema lolote, na nilimshukuru. Lakini siku ile alinyamaza kwa sababu alikuwa na maneno na aliona si wakati wake. Ninachokiogopa ni ukimya wa watu ambao hawana tena la kusema na wamejifunza kuuita kina.

5. Nimefanya uchunguzi wangu mdogo kwenye foleni ya duka la mikate. Nikimuuliza mtu wa hapa kama anaamini kuna Mungu, hujibu, "Mungu hapana, Bwana Tomasoa, lakini Kitu lazima kipo." Nikimuuliza Kitu hicho kinataka nini, hunitazama kana kwamba nimemuuliza uzito wa mke wake. Watu wanaoamini Kitu wamejaa mkoa mzima. Nami nasema Kitu hakitufai. Yule Mungu ambaye Sinnema hamwamini ana tabia, ana historia, amesema mambo ambayo mtu mzima anaweza kuyakataa. Kitu hakijasema lolote. Hakimwamshi mtu asubuhi, hakimkasirikii mtu, hakikatazi kuanika nguo siku ya Jumapili, ingawa nimeona kwamba hata wanaokiamini bado hawazianiki siku hiyo na hawajui kwa nini.

6. Mnasema kwamba maneno kama dhambi, toba na hukumu "hayamgusi tena mtu wa leo". Mtu gani huyo? Binti wa Sinnema, Jeltje, ni mwalimu mjini Leeuwarden, hakubatizwa, na kanisani huingia penye maonyesho ya vitambaa. Mwaka jana alipanda ndege kwenda Ureno kwa siku nne. Aliporudi aliketi mezani mbele ya baba yake, akamtazama usoni kama mtu aliyegonga mbwa wa jirani, akakiri kwamba moshi wa ndege ile umeichafua hewa ya dunia. Alisema amechangia upandaji wa miti kumi na miwili, na kwamba hataonja nyama hadi Juni. Hiyo ni dhambi, ungamo na malipizi, kwa mpangilio sahihi kabisa ambao Roma yenyewe isingeutoa kasoro. Kilichokosekana ni kimoja tu: hakukuwa na mtu wa kumwambia amesamehewa. Sinnema asingeweza, kwa sababu haamini, na ni mtu asiyesema uongo. Alimmiminia kahawa. Msichana akanywa, akaondoka na dhambi yake kwa treni.

Ninyi ndugu zangu mnao msamaha. Umejaa kabatini mwenu pamoja na vikombe vya Meza ya Bwana. Na mnataka kumpa mtu kama huyu supu ya njegere.

7. Mwezi Oktoba mimi na Sinnema tulikwenda na basi la wazee kutazama picha za kale. Msichana aliyetuongoza alikuwa mstaarabu sana. Alitusimamisha mbele ya picha moja: mzee ana kisu, mtoto amefungwa juu ya kuni, na kondoo dume amenasa kichakani. Akatueleza kwamba mchoraji anaonyesha mvutano kati ya vizazi, na kwamba kondoo anawakilisha uchumi wa vijijini.

Sinnema kwa kawaida hasemi na watu asiowajua. Siku ile alimwambia, "Dada, unajua huyo mzee ametumwa na nani?" Msichana akasema kwamba kila mtazamaji ana jibu lake. Sinnema akasema hapana, jibu ni moja, na ndilo baya. Kisha akaisimulia habari yote, tangu safari ya siku tatu hadi kuni alizobebeshwa mtoto, kwa dakika thelathini na tano, basi likitusubiri. Watu walikusanyika kutoka vyumba vingine. Mwanamume mmoja akauliza kama mama wa mtoto alikuwa ameambiwa. "Hilo ndilo ninalouliza tangu nina miaka saba," Sinnema akasema, "na ndiyo sababu mimi siamini." Msichana aliandika kila neno.

Nilirudi nimeelewa msiba wenyewe. Watu wa nchi hii hawajaiacha imani. Imewadondoka, kama kitambaa kinavyodondoka mfukoni. Kati ya watu wote niliokutana nao mwaka jana, aliyeikataa kwa kuijua ni mmoja tu, na huyo ndiye mnayetaka kumfungia mlango saa nane mchana.

Kwa sababu hizo naomba Baraza liache kabisa habari ya supu, na badala yake lipeleke sinodini pendekezo lifuatalo: kwamba kuanzia mwaka ujao mtu yeyote katika Ufalme huu asiruhusiwe kutoamini bila cheti. Mwombaji atajifunza mafundisho ya Jumapili zote hamsini na mbili. Kisha atafika kanisani kwetu Jumapili alasiri na kueleza, kwa mdomo, ni nini hasa asichokiamini, na sababu zake. Neno "huenda" halitapokelewa. Wanaoamini Kitu watapewa kibali cha muda cha miezi sita, na sisi wengine tunajua muda huo huwa na urefu gani. Msahihishaji mkuu awe Bwana Sinnema, ambaye hana upendeleo. Atakayefaulu atapewa cheti chenye mhuri, na ataenda zake kwa heshima ya mtu aliyekataa jambo kubwa. Atakayeshindwa itabidi aendelee kuamini hadi mtihani wa marudio.

Kwa makadirio yangu, katika mwaka wa kwanza foleni itatoka mlangoni, ipite makaburini, ifike kwenye tuta. Kanisa litajaa saa nane kuliko lilivyojaa tangu vita. Ili kuwapa wengine mfano, napendekeza watahiniwa wa kwanza wawe wajumbe wa Baraza.

Limebaki jambo moja ambalo sikulipa namba.

Wietske alinipinga kwa miaka arobaini na minne. Alinipinga juu ya siasa, juu ya wali, juu ya njia ya kwenda kwa dada yake. Tangu afariki, watu wote hunikubalia. Ukifika miaka themanini na mitatu, lolote utakalosema utaambiwa ni kweli kabisa, kisha utasogezewa kiti. Mtu anayekubaliwa na kila mtu hana tofauti na mtu ambaye hayupo. Amebaki mmoja anayeniambia, "Zeth, huo ni upuuzi," na hunisubiri nijibu.

Mtaniuliza kwa nini basi tusitembeleane. Ninyi ndio mliozaliwa hapa, mnajua. Huku mtu haji kwa mtu bila sababu, na akija bila sababu huulizwa nani amekufa. Sinnema hajawahi kuniambia njoo, wala mimi sijamwambia. Tulikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa mafundisho ya dini, kila Jumapili saa nane. Mkiiondoa, kila mmoja wetu atabaki upande wake wa njia panda, akiwa na hoja zake.

Natumaini mtalipokea ombi hili kwa uzito uleule ambao limeandikwa nao. Nisalimieni Mwenyekiti Algra, na goti lake lipone. Nisalimieni Mchungaji Roelien na mtoto wake mchanga, ambaye namsikia akipinga asubuhi wakati wa maombi na kumwonea fahari. Salamu kwa mpiga kinanda, kwa Baukje na namba zake, kwa mashemasi wote, na kwa wale ambao hawajafika kanisani tangu Krismasi, ambao ninawakumbuka kwa majina.

Wenu katika hoja zote tatu,

Zeth Tomasoa

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga nilipokumbuka kwamba msahihishaji mkuu anapaswa kuridhia kwa sahihi. Nikaenda kwa Sinnema. Aliponifungulia aliuliza nani amekufa. Aliisoma barua yote akiwa amesimama jikoni, akaiweka mezani, akasema kwamba barua ni nzuri lakini hawezi kuitia sahihi, kwa kuwa fomu yake alikwisha kuipeleka, na amechagua supu. Tena wazo la supu ni lake. Yeye ndiye aliyempelekea Mchungaji Roelien.

Nilimuuliza kwa nini. Akanishika bega akanigeuza kuelekea dirishani, akaniambia niulize tena.

"Kwenye benchi tunakaa ubavu kwa ubavu, Zeth," akasema. "Kwenye tuta kuna upepo. Sijasikia neno lako hata moja tangu baridi ya mwaka juzi. Mezani utakaa mbele yangu, nitauona mdomo."

Nikamuuliza, safari hii polepole, alikuwa akipinga nini basi muda wote huo.

"Nilikuwa nakisia," akasema. "Wewe hubadiliki sana."

Kwa hiyo naomba mfute malalamiko yote, namba 1 hadi 7, pamoja na pendekezo la cheti. Lile la jiwe nalifuta kwa taabu, lakini nalifuta. Niandikeni mimi na Bwana Sinnema kwenye supu, viti viwili vinavyotazamana karibu na dirisha la kusini, mimi nikielekea kwenye mwanga. Habari ya ukimya mtatusamehe. Masharubu yangu, ambayo Wietske hakuniruhusu kuyagusa siku zote za ndoa yetu, nimeyanyoa leo asubuhi.